Mwalimu Aliyepiga Marufuku Manyoya ya Karatasi

Kila Jumapili Mwalimu alikuja kanisani na manyoya kichwani, na kila Jumatatu aliwakataza watoto kuyavaa. Sisi majirani zake wa Cedar Hill tulilizoea jambo hilo kama tulivyozoea joto la Agosti, lakini mgeni alihitaji kuelezwa. Kofia zake za kanisani zilikuwa pana, za zambarau, za kijani, za rangi ya maziwa, na kila moja ilikuwa na unyoya mrefu uliomtekenya pua mtu aliyeketi nyuma. Aliyeketi nyuma mara nyingi nilikuwa mimi. Siku moja nilimwinamia sikioni nikamwuliza kwa nini unyoya uwe halali kwake na haramu kwa mtoto wa miaka tisa.

"Mama Zawadi," akanijibu bila kugeuka, maana angegeuka unyoya ungeniingia jichoni, "hii ni kofia. Ile ni dharau."

Kisha akaendelea kuimba.

Nieleze pole pole, maana hata mimi nilieleweshwa pole pole. Mimi ni muuguzi, na kazi yangu kubwa ni kumweleza mtu yuleyule jambo lilelile hadi likae. Huku Texas mtoto akifika darasa la nne hufundishwa historia ya jimbo, na historia hiyo huanza na watu waliokuwepo kabla jimbo halijaitwa jimbo. Ni jambo zuri kabisa. Shida ilikuwa vifaa. Mwalimu alikuwa amefundisha Kenya miaka mingi kabla ya kuja huku, na alipoajiriwa katika shule ya mtaani kwetu, ile ambayo Zawadi wangu alisoma, alionyeshwa droo moja ya chuma akaambiwa kwamba vifaa vya somo la wenyeji asilia vimo humo. Akaivuta. Akakuta manyoya ya karatasi ya kila rangi, gundi iliyokauka, na kitabu chenye picha ya hema kwenye jalada. Basi. Kila Novemba, sikukuu ya Shukrani ikikaribia, watoto walikata, wakabandika, wakavaa, wakapigwa picha, wakarudi nyumbani wakijua kwamba wenyeji wa nchi hii wote waliishi kwenye hema, wote walivaa manyoya, na wote walikufa.

"Habari zetu zikifundishwa hivyo," Mwalimu aliniambia, "mtoto atatoka darasani akijua kwamba Mkenya ni mtu anayekimbia. Anakimbia wapi, anakula nini, ana shangazi wangapi, hapana. Anakimbia tu."

Kuanzia siku hiyo alitaka jambo moja, na aliendelea kulitaka miaka yote aliyoishi jirani nami. Alitaka droo ile imwagwe, si shuleni kwake peke yake bali katika kila darasa la nne la wilaya yetu ya elimu, na mahali pake pakae kitu ambacho wenyewe wangeweza kukitazama bila kutamani kuondoka.

Kitu hicho kilikuwa kasha.

Lilikuwa kasha la barafu la bluu, lenye magurudumu na mpini wa kuvutia, lile la kubebea soda watu wakienda kuchoma nyama bustanini. Humo Mwalimu alikusanya vifaa vyake. Alianza na Wakaddo, ambao makao yao yalikuwa mashariki mwa Texas kabla ya kusukumwa hadi Oklahoma, ambako wapo hadi leo. Hawakuishi kwenye hema. Walikuwa wakulima, wafinyanzi, wajenzi wa nyumba kubwa za nyasi. Jina lenyewe la Texas linatokana na neno lao la kumwita rafiki, jambo ambalo Mwalimu alilikumbuka kila alipokatiwa njia barabarani. "Rafiki!" alipaza sauti akipiga honi. "Rafiki wa aina gani wewe!"

Ndani ya kasha mlikuwa na mahindi ya rangi, mekundu na meusi na ya bluu, pamoja na maharagwe na mbegu za maboga, kwa sababu vitu hivyo vitatu hupandwa shamba moja na kila kimoja humsaidia mwenzake: hindi humpa harage mahali pa kukwea, harage huilisha ardhi, boga huifunika isikauke. Mlikuwa na kipande cha ngozi ya paa, vigae vya udongo alivyochoma mwenyewe kwenye jiko la nyama, ramani, picha, na kanda za watu wa leo wakieleza habari zao. Alisafiri nalo kila mahali. Kwenye gari lililala kiti cha mbele, limefungwa mkanda, na Mwalimu akaendesha barabara ya 67 taratibu kama mtu anayebeba mayai, malori yakimpita kwa hasira kushoto na kulia.

Kasha lile lilituponza mapema. Jumapili moja alilileta kanisani kwa sababu alikuwa na semina mchana, akaliegesha jikoni lisipate joto. Akina mama wa jikoni, wote Wakenya, walifungua kasha la barafu wakitafuta soda, wakakuta mahindi na maharagwe. Sasa niambie wewe. Mkenya akikuta mahindi na maharagwe mahali pamoja, jikoni, siku ya mlo wa pamoja, atafikiria nini? Waliosha, wakatia kwenye sufuria ya presha, wakawasha moto. Mahindi yale yaligoma kuiva. Mchungaji alihubiri, akamaliza, akaombwa aongeze kidogo, akaongeza, na bado sufuria ilikuwa inapiga filimbi. Mwishowe githeri ikapakuliwa, ya zambarau, na watu wakaisifu kwamba ina rangi ya kifahari.

Mwalimu alikuja na sahani yake, akaitazama, akainua hindi moja jeusi kwa vidole viwili.

"Mmekula somo," akasema.

Mama mmoja aliyekuwa anatafuna aliacha kutafuna, hakujua ameze au ateme.

"Meza tu," Mwalimu akamwambia. "Limeshaingia. Sasa sikilizeni mnachokila." Akasimama katikati ya sufuria akatufundisha habari za hindi, harage na boga hadi sahani zikaisha. Mpaka leo najua somo lile kuliko mengi niliyolipia karo, na taya langu linalikumbuka pia.

Darasani alikuwa na desturi moja iliyowashangaza walimu wenzake. Mtoto yeyote akisema wenyeji "walikuwa" hivi au vile kana kwamba wametoweka duniani, Mwalimu aliinua mkono, na darasa zima likaitika kwa Kiswahili, "Wapo!" Watoto wa Kimeksiko, wa Kinaijeria, Wamarekani weusi na weupe, wote walipiga kelele hiyo bila kujua neno lingine lolote la Kiswahili. Mwalimu mkuu alipita siku moja akadhani ni timu ya mpira. Zawadi, ambaye nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiingereza, alianza kuitumia nyumbani. Nilimwambia mume wangu chapati zilikuwa nyingi jana, na sauti ikatoka chumbani, "Zipo!"

Lakini kama ningeambiwa nichague neno moja la kumkumbuka nalo Mwalimu, ningechagua swali lake: "Mwenyewe umemuuliza?" Hilo lilikuwa swali lake la kila jambo. Ukimpelekea habari ya jirani anayeachana na mumewe: mwenyewe umemuuliza? Ukimwambia pilau ya Mombasa haiwekwi nyanya: mwenyewe umemuuliza? Mchungaji alipotoa ushuhuda wa dada mmoja aliyepona ugonjwa fulani, akaanza kueleza ugonjwa wenyewe kwa kirefu, mkono wenye glavu nyeupe ulipanda katikati ya ibada.

"Ndiyo, Mwalimu?" akasema Mchungaji kwa hofu.

"Mwenyewe umemuuliza?"

Mchungaji akaruka moja kwa moja hadi kwenye amina.

Kwa hiyo haikumshangaza mtu pale mama mmoja wa ofisi ya wilaya, mwenye kusimamia mitaala, alipokuja kuliona kasha, akalipenda, kisha akamgeuzia Mwalimu swali lake mwenyewe. Alisema wilaya iko tayari kutengeneza makasha kama hilo kwa kila darasa la nne na kuitupa droo. Lakini kwanza alitaka mtu wa Wakaddo wenyewe alitazame na kusema liko sawa. Asipokubali, Novemba itafika kama kawaida na manyoya yatatoka kwenye droo kama kawaida.

Mwalimu alifurahi kama aliyeposwa. Alipiga simu Oklahoma, akaelekezwa hapa, akaelekezwa pale, hadi akampata mwalimu mstaafu wa Wakaddo ambaye hutembelea shule. Tulikuja kumwita Bibi Mgeni. Bibi Mgeni alikubali kuja Jumamosi fulani ya masika. Na Mwalimu, badala ya kutulia na kasha lake, akaamua kumfanyia mgeni jambo la ziada. Angemjengea nyumba.

Shule ilikataa nyasi kavu uwanjani, kwa sababu ya moto. Basi ikawa nyuma ya kanisa. Na hapo ndipo nilipomwona Mwalimu akiwauliza wenyewe kuliko wakati wowote. Alimtuma Mzee, dereva wa malori aliyestaafu, mtu wa Kakamega, akaombe nyasi ndefu kwa mwenye shamba. Mwenye shamba akakubali. Mchungaji aliombwa uwanja, akakubali kabla swali halijaisha. Wazazi waliombwa ruhusa ya watoto kushika udongo. Kila mwenye kitu aliulizwa isipokuwa mmoja, na hatukumwacha kwa ubaya. Tulimwacha kwa sababu hakuna aliyeona haja. Nyumba ya nyasi! Nani kati yetu hakulala ndani ya nyumba ya nyasi kwa bibi yake?

Ugomvi ulianza kabla ya nguzo ya kwanza. Upande mmoja alikuwa Mzee. Upande mwingine alikuwa Papa Baraka, Mkongomani kutoka Fizi, anayefanya kazi ghalani na kuongoza kwaya.

"Tunachora duara," Mzee alisema, akivuta kamba.

"Apana, Mzee. Nyumba ya muviringo, kitanda utaiweka wapi? Kitanda haiko muviringo."

"Sasa wewe Papa, nyumba ikiwa na kona ni nyumba ama ni ofisi?"

"Iko nyumba! Kwetu tunajengaka na kona ine, na barza mbele. Mutu akikuya kukusalimia, utamukarisha wapi? Ku jua?"

"Ataingia ndani."

"Mukwe ataingia ndani? Mais non, Mzee. Muko na tabia gani, banyewe?"

Mzee alimtazama Mwalimu amwamulie. Mwalimu alikuwa amesimama pembeni ya lile rundo la nyasi, amefumba macho. Nadhani ilikuwa ile harufu. Alisema tu, "Wekeni vyote."

Wakaweka vyote. Ikasimama nyumba ya duara yenye ukuta, paa la msonge juu yake, na baraza la Fizi mbele, likiwa na nguzo zake na mahali pa kumkalisha mkwe. Akina mama, walewale wa githeri, wakasema ukuta usiopakwa samadi ni ukuta wa uongo. Mwalimu akauliza samadi hiyo mwenyewe ni nani, tukaenda kumwona bwana mmoja mwenye ng'ombe kusini mwa mji. Alisikiliza, kofia yake pana ikiwa kifuani, akauliza tunaitakia nini, Mzee akamjibu kwamba ni ya historia. Bwana yule aliwaza, akatujazia gari la mizigo, akakataa hata asante. Mimi niligawa glavu za hospitali. Zawadi alisimama mbali na gari, amejiziba pua.

"Mom. Seriously?"

"Paka ukuta," nikamwambia.

Mwalimu alivua viatu. Alivua pia glavu niliyompa. Akaupaka ukuta ule kwa viganja vitupu, akichora mawimbi chini ya dirisha, mawimbi ambayo, aliniambia bila kuulizwa, mama yake aliyachora kila Desemba. Sikuwahi kumwona na furaha kama ile. Na muda wote huo kasha lilikuwa pale uwanjani, na ndani ya kasha mlikuwa na picha safi kabisa ya nyumba ya Wakaddo, ambayo Mwalimu alikuwa amewaonyesha watoto miaka na miaka. Hakuna aliyeitoa. Isingewezekana hata hivyo, kwa sababu Papa Baraka alikuwa amelikalia kasha akipumzika.

Jumamosi ikafika. Mwalimu alikuja kichwa wazi. Hatukuwa tumewahi kuona nywele zake. Zilikuwa nyeupe, fupi, za kupendeza, na watu walizitazama kwa aibu kidogo kama waliofungua mlango bila kubisha. Alisema hakutaka unyoya wowote uonekane siku hiyo, hata wa kofia. Watoto wa darasa lake walipangwa mstari. Mama wa ofisi ya wilaya alikuwepo na kalamu yake.

Bibi Mgeni alishuka kwenye gari dogo: mama mfupi, suruali ya jinzi, viatu vya mazoezi, hereni za shanga zilizomfika mabegani. Mazungumzo yake na sisi yalikuwa ya Kiingereza. Nayaandika hapa kwa lugha yetu. Alitusalimia sote kwa mkono. Kisha akaona kilichosimama nyuma yetu.

"Na ile ni nini?" akauliza.

Mzee akapiga hatua mbele, akafungua mikono. "Ni nyumba yenu, Mama. Karibu nyumbani."

Bibi Mgeni aliizunguka. Akaugusa ukuta. Akanusa kidole. Akalitazama paa, akalitazama dirisha, akafika kwenye baraza akasimama.

"Hapa?"

"Hapa iko ya mukwe," Papa Baraka akasema, na mimi nikatafsiri kadiri nilivyoweza.

Nikamgeukia Mwalimu. Alikuwa ameelewa. Macho yake yalikuwa yameanza kuona kile ambacho viganja vyake vilikataa kuona wiki nzima. Akaenda kwenye kasha, akalifungua, akatoa ile picha, akaiinua mbele yake mwenyewe. Nyumba ya kwenye picha ilikuwa ndefu kwenda juu, ya mviringo kama mzinga wa nyuki, nyasi kutoka kileleni hadi chini ardhini. Hakuna ukuta. Hakuna dirisha. Hakuna mkwe.

"Sikukuuliza," Mwalimu akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Naomba uniwie radhi. Nawauliza watu wote wakati wote, na wewe sikukuuliza."

Yule mama wa wilaya aliacha kuandika. Niliifikiria droo. Niliyafikiria manyoya ya karatasi yakitoka Novemba, ya kijani, ya njano, watoto wakibandika.

Bibi Mgeni alikuwa ametupa kisogo, na mabega yake yalikuwa yakitikisika. Tulidhani analia. Alipogeuka, ni kweli alikuwa na machozi, lakini yalikuwa ya kicheko. Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa, akakaa juu ya kasha, akaendelea kucheka, hereni zikirukaruka.

"Nimetembelea shule nyingi," akasema alipopata pumzi. "Nimekuta mahema. Nimekuta manyoya. Nimekuta mtoto amevalishwa gunia. Hii ni mara ya kwanza nakuta watu wametukosea kwa kutujengea nyumba ya mama yao." Akajifuta macho. "Nani aliijenga?"

"Ukuta ni yeye," Papa Baraka akasema haraka.

"Baraza ni lake!" Mzee akapinga.

Hapo mtoto mmoja, kwa wasiwasi au kwa kutaka kusaidia, alinyoosha mkono akasema kwamba nyumba za Wakaddo zilikuwa za mviringo hadi chini. Akasema "zilikuwa." Na mstari mzima wa watoto, kwa mazoea, ukapiga kelele: "Wapo!"

Bibi Mgeni akashtuka. "Wamesema nini?"

Mwalimu akamweleza. Alieleza vibaya, kwa kigugumizi, yeye ambaye hakosi maneno. Bibi Mgeni hakucheka. Aliwatazama watoto wale mmoja mmoja, akawaomba warudie, nao wakarudia kwa nguvu hadi mbwa wa jirani akabweka.

Kisha akashuka kwenye kasha akasema, "Haya, tulifungue."

Alikaa kwenye baraza mchana wote akitoa kitu kimoja baada ya kingine. Vigae alivigeuza, akasema vimefanywa kwa upendo na si kwa ustadi. Kwenye kanda moja kulikuwa na wimbo. Akasikiliza kidogo, akauzima. "Huu si wa darasani," akasema, na Mwalimu akautoa palepale bila kuuliza sababu. Mahindi aliyapenda. Aliposikia yaliyotangulia yaliishia wapi, ilibidi tumpe maji. Jioni ilipokaribia alimwambia mama wa wilaya kwamba kasha liko sawa kwa masharti: wimbo usirudi, na simu yake ipigwe kabla ya mtu yeyote kujenga chochote. Halafu akaipiga picha ile nyumba yetu. Wiki iliyofuata picha ikaja kwa posta, na nyuma yake ameandika kwa mkono wake: "Hii si nyumba yetu. Lakini tulikaribishwa ndani." Akataka ikae kwenye kasha, watoto wajue watu wema hukosea vipi.

Droo ilimwagwa kabla ya Novemba. Mara ya mwisho niliyoiona, ilikuwa na stepla.

Nyumba yenyewe haikudumu. Mkaguzi wa majengo wa mji alikuja kuuliza kibali, tukagundua kulikuwa na mwenyewe wa pili ambaye hatukumuuliza. Papa Baraka alihuzunika sana kwa ajili ya baraza.

Mwalimu alistaafu. Magoti yalikuwa yamemchosha, na mwanawe akamchukua Houston. Aliondoka na kofia zake na kasha la kwanza, lile la bluu, maana wilaya ilikuwa na mengine mapya. Tulizungumza kwa simu, na kila nilipomuuliza Houston ikoje alisema ina unyevu. Nilihisi amepungukiwa. Mtu aliyezoea kuuliza maswali akiketi mahali hakuna wa kumjibu, hunyamaza.

Mwaka huu nilitumwa Houston kwa mafunzo ya kazi, nikaenda kumwona. Nilimkuta mlangoni amevaa kofia ya zambarau, unyoya umesimama, kasha liko pembeni yake.

"Umechelewa, Mama Zawadi. Tunaenda shule."

Shule ya mjukuu wake ilikuwa na siku ya tamaduni, naye alikuwa amealikwa kama bibi wa kutoka Kenya. Niliendesha. Alilifunga kasha mkanda kiti cha mbele, mimi jirani yake wa miaka yote nikamwona ananiangalia kama nitaleta ubishi, kisha yeye akapanda nyuma.

Mwalimu wa darasa alikuwa kijana mchangamfu, msichana wa hapohapo Houston, na alitushika mikono kwa furaha. Alisema amefanya kazi usiku na mchana. Alitupeleka kwenye ukumbi. Kulikuwa na simba wa karatasi, na twiga, na katikati ya ukumbi kulikuwa na nyumba. Juu yake pameandikwa kwa herufi kubwa: NYUMBA YA KENYA.

Ilikuwa ndefu, ya mviringo kama mzinga wa nyuki. Fito zilikuwa zimekunjwa na kufungwa kileleni, na nyasi zilishuka kutoka juu hadi sakafuni. Hakuna ukuta. Hakuna dirisha.

Sikuthubutu kumtazama Mwalimu. Alikuwa ameanza kuizunguka, pole pole, kwa magoti yake yale, unyoya ukitangulia. Akashika ufito. Akainama akachungulia ndani. Akatoka upande wa pili.

"Ni nzuri sana," akamwambia yule msichana. "Mwenyewe ulimuuliza?"

Msichana akaona haya. "Nilitafuta picha kwenye mtandao," akasema. "Nimekosea?"

Kofia ilianza kutikisika. Nilimsogezea kasha haraka, akakaa, na akacheka kicheko ambacho sijakisikia tangu Cedar Hill, kicheko cha mtu aliyesamehewa zamani na sasa amepata wa kumsamehe. Msichana alicheka pia bila kujua sababu. Unyoya ulinipiga pua.

"Umejenga vizuri, mwanangu. Kila kitu ni sawa," Mwalimu akasema. "Umekosea wenyewe tu."

Akasimama, akafungua kasha, akapekua, akatoa picha mbili. Moja ilikuwa ya nyumba ya Wakaddo, akaisimamisha kando ya ile ya ukumbini, na msichana akaziba mdomo. Nyingine ilikuwa ile ya nyuma ya kanisa.

"Hii ndiyo ya kwetu. Tuliijenga sisi wenyewe tukidhani ni ya hao Wakaddo. Baraza ni la Papa Baraka, huyo ni Mkongo, lakini liache." Akampa. "Tubadilishane."

Msichana aliigeuza picha akasoma maandishi ya nyuma, akayasoma tena. Akauliza afanye nini sasa, abomoe? Wazazi wanaanza kuingia. Mwalimu alikuwa ameshatoa simu na kupiga Oklahoma, akaielekeza kwenye nyumba ile ili ionekane vizuri, kisha akaeleza yote kwa pumzi moja: nani kaijenga, wapi, na anadhani ni ya nani.

Kwanza tulisikia kicheko tu, kirefu, na hereni zikigongana.

"Mwambie asiibomoe," Bibi Mgeni akasema alipoweza. "Abadilishe kibao tu. Nakuja kuiona, nakuja na mahindi." Kisha akaongeza, "Na ninyi, safari hii msiyapike."